Pasipoti Mbili Zilizokwenda Iskandaria

Kila Ijumaa saa nane mchana, bosi Badawi na madam Rania wakiwa wamelala baada ya chakula, Emmaculate alipangusa vumbi katika ofisi ndogo ya nyumba yao, Al-Suwaidi, Riyadh, huku akiongea na mumewe kwa simu. Protus alikuwa dereva wa familia moja ya Jeddah. Walikuwa wamekaa nchi moja miaka miwili bila kuonana hata siku moja.

Walikuwa wakipanga likizo. Nyumbani Kenya ukoo mzima ungewapokea na kuwagawana, kwa hiyo kwanza walitaka siku tatu za peke yao huko Iskandaria, mji ambao mpishi Mmisri wa kazini kwake alimsifia Protus mpaka akauota.

"Asubuhi tunaenda kuona ile ngome," Protus alisema.

"Asubuhi tunalala, baba. Ngome haina miguu."

Kosa lao ni kwamba mke alipangia mambo hayo kando ya droo ambamo bosi alimfungia pasipoti yake, na mume akapangia karibu na sefu ya kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ilimokuwa ya kwake. Karatasi nazo zina masikio.

Jumapili bosi alifungua droo, akaikuta tupu. "Itarudi," alisema, akaomba chai.

Ilirudi Jumatano ikiwa na unyevunyevu, inanuka samaki wa kukaanga, ikiwa pia na muhuri wa kuingia Misri na wa kutoka. Kwenye picha, pua ya Emmaculate ilikuwa imebabuka kwa jua, naye alikuwa anacheka, ingawa siku ya kupigwa picha hiyo Nairobi alikatazwa kabisa kucheka. Ya Protus ilirudi siku hiyohiyo, na kwenye picha kifungo cha juu cha shati lake kilikuwa wazi. Emmaculate aliona wivu, tena wivu wa mke hasa.

Wiki iliyofuata aliomba likizo yake ya mkataba. Bosi alimfunulia ukurasa wenye mihuri.

"Umeshakwenda. Halas, basi. Nyingine baada ya miaka miwili."

"Bosi, mimi nilikuwa hapa. Jumatatu si niliosha mazulia yote?"

"Mazulia ni kweli yameoshwa," bosi alikubali, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Lakini muhuri ni muhuri."

Madam Rania aliitazama picha. "Umependeza, lakini."

Karatasi ilikuwa mezani: mfanyakazi amepata likizo yake pamoja na mume wake, ameridhika. Asubuhi hiyo Protus alikuwa amempigia simu kusema wamemwekea karatasi kama hiyo, na ametia saini, angefanya nini. Mara ya mwisho Emmaculate kumshika mkono ilikuwa uwanja wa ndege, mbele ya foleni ya watu.

Madam alikuwa ameshamfungulia kalamu. Emmaculate alitia saini, kisha akaulizwa kama alimletea madam chochote kutoka kule.