Bamvua Makadara

Jumanne moja ya Novemba 1984, saa tano asubuhi, lori lilirudi kinyumenyume kwenye kiwanja kimoja cha mpira huko Makadara likiwa limebeba kontena. Wanawake saba walikuwa wamekifagia kiwanja hicho tangu alfajiri. Kontena lilikuwa limetoka Dar es Salaam kwa meli hadi Mombasa, kisha likapandishwa gari moshi mpaka Nairobi. Karatasi zilisema lina cherehani ishirini.

Mbeti, mwenyekiti wa kikundi chao cha ushonaji, alikuwa ameacha kazi katika kiwanda cha blanketi kwa ajili ya cherehani hizo, na wenzake sita wakaacha kazi zao wakamfuata. Shule tatu zilikuwa zimeahidiwa sare mia nne kabla ya Januari.

Gichuru, dereva wa lori, alipofungua mnyororo wa mwisho, kontena likapanda. Lilipita madirisha, likapita mabati, likatulia juu kidogo ya paa la jirani.

"Tia sahihi hapa, mama," Gichuru alisema. "Nina safari nyingine."

Mbeti akatia sahihi. Jawahir, fundi wa kanzu wa kikundi, aliyezaliwa Mombasa, akatazama saa yake.

"Maji yamejaa baharini," alisema. "Litashuka saa kumi na moja."

Likashuka saa kumi na moja na dakika tano. Wakalifunga kwa kamba kwenye nguzo ya goli, wakavunja lakiri, wakafungua milango. Ndani mlikuwa na harufu ya bahari na kaa mmoja mdogo, ambaye Teresiah, mmoja wa wale saba, alimwondoa kwa ufagio. Hamkuwa na kitu kingine.

Mbeti akaketi sakafuni.

"Nimewaachisha kazi," alisema.

"Tuliacha wenyewe," Teresiah akamjibu, akaketi kando yake.

Kesho yake Mbeti alikwenda kwa wakala wa mizigo akarudi na karani, Bwana Kinyanjui, mtu wa tai nyembamba. Kinyanjui aliingia kukagua, na wanawake wakaingia naye. Maji yakajaa. Kontena lilipovuka mabati, Kinyanjui alicheka mpaka akalegeza tai. Alitoa kichwa mlangoni akawapungia watu asiowajua. Teresiah alipiga kigelegele. Mbeti alicheka pia, na hakujisamehe mpaka jioni.

Waliporudi chini, Kinyanjui alitoa kalamu.

"Kontena limejaa," alisema huku akiandika.

"Limejaa nini?"

"Cherehani ishirini."

"Umeshinda humo ndani mchana kutwa, bwana. Umeona hata moja?"

"Mama, karatasi ina mihuri minne. Lakiri ilifika nzima. Kama lingekuwa tupu, lingejulikana njiani."

"Na kupaa je?"

Kinyanjui alipekua fomu zake zote kwa makini.

"Kupaa hakuna mahali pa kuandika," alisema. Kisha akauliza kama angeweza kumleta mkewe Jumapili.

Akamleta. Wanawake wakashona kwa mikono humo humo ndani, kwa kuwa kulikuwa na mwanga mzuri na upepo. Kwaya ya kanisa ikaomba nafasi ya mazoezi, ikapewa. Hadi katikati ya Desemba sare mia moja na kumi zilikuwa tayari, na shule mbili zilikuwa zimepeleka kazi kwingine.

Siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, Jawahir aliwaambia waongeze kamba. Saa kumi alasiri kontena lilipanda kuliko siku zote, hata Jogoo Road ikawa kama uzi. Walikaa mlangoni wote saba, miguu ikining'inia, sindano mikononi. Wakaona kontena jekundu likipanda juu ya Buruburu. Kisha mawili juu ya Dandora. Kisha yakapanda kila upande, ya buluu, ya kijani, yenye kutu, na kila moja lilikuwa na watu mlangoni.

"Nyinyi mliagiza nini?" Mbeti akapaza sauti.

"Baiskeli!" akajibu mwanamume wa kontena jekundu.

"Sisi vitanda vya zahanati!"

"Vitabu!"

"Pampu za maji!"

Kila jibu lilipofika watu waliangua kicheko, wakapiga makofi, wakarusha leso hewani. Mbeti alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Chini, malori mengine matatu yalikuwa yakiingia mtaani, na madereva walikuwa wakipiga honi wapishwe.