Kinu cha Watu Wawili

Baba yangu anakaanga karanga na kuziuza hapo mlangoni kwetu, na mwenyewe ni kibogoyo, hana hata jino la kusingizia. Wateja wakimcheka, huwajibu kwamba fundi viatu naye hutembea peku. Zake huzitwanga kwenye kinu kidogo mpaka ziwe unga, akazikoroga kwenye uji. Tangu binti yangu aanze kula, uji huo ni wa wawili.

Amri ilikuwa yangu. Nesi wa kliniki aliniambia karanga nzima na bisi zingoje mpaka mtoto atimize miaka minne, na hata hapo ale ameketi. Kaka yangu akaniona mwoga.

"Sisi tulizila tukitambaa, na tupo!"

"Wewe ulipaliwa," Baba akamkatiza. "Macho yalikutoka, nikakupiga mgongoni mpaka mkono ukafa ganzi. Nyamaza."

Mtoto naye hakuchoka kuuliza.

"Babu, bado tu?"

"Bado, mwenzangu. Ukitimiza miaka minne utapewa. Kunywa uji."

Miaka minne ilipokaribia, Baba akaanza kuleta maneno. Eti tungoje mpaka mitano. Nikawaka.

"Baba, umemwahidi mwenyewe! Ahadi ni deni."

Akakitazama kinu chake. "Basi nitabaki kutwanga za mtu mmoja," akasema.

Hasira zote zikaniisha. Nilimwonea huruma, na nilimpenda kuliko siku zote.

Siku ilipofika, nilimketisha mtoto kitini, nikampa karanga moja.

"Tafuna mpaka ilainike kabisa, ndiyo umeze. Usicheke, usiongee."

Alitafuna, akatafuna. Baba aliacha kutwanga, mchi mkononi, amebana pumzi. Mtoto akameza, akaachama mdomo tuone: mtupu. Baba akashusha pumzi. Kisha akainama, akaendelea kutwanga polepole, na macho yake yalikuwa na maji.

Mtoto alimwangalia. Akashuka kitini, akachukua karanga zote nilizomwekea kwenye kisahani, akazimimina ndani ya kinu.

"Usilie, Babu," akasema, akimpapasa goti. "Na wewe ukitimiza miaka minne utapewa. Mimi nitakungoja."