Foleni ya Mawe na Vikapu

Jumamosi asubuhi Candida alifunga studio yake ya Mtaa wa Swahili, akavaa kandambili, akaenda kuitazama picha yake katika jumba dogo la makumbusho upande wa Upanga. Ilikuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, haina mtu hata mmoja: mawe, vikapu, madumu na kiatu kilichochoka, vyote vimejipanga mbele ya duka la ushirika, kila kimoja kikimshikia mwenyewe nafasi ya sukari. Ndivyo Kariakoo ilivyopanga foleni mwaka ule wa uhaba. Kikapu chenye mshipi mwekundu, ambao pichani ulikuwa mweusi, kilikuwa chake.

Chini paliandikwa: "Foleni. Msanii: Kasmir." Kasmir alikuwa afisa utamaduni aliyeichukua picha hiyo kutoka studio kuipeleka kwenye maonyesho. Candida, kama wapiga picha wenzake wa Kariakoo, alikuwa amegonga mhuri wake nyuma ya picha, kisha fundi akaitia fremu. Tangu hapo jina lake lilikuwa linatazama ukuta.

"Shikamoo, mzee Bakili."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mlinzi. "Wamesogea."

Foleni ilisogea kila duka lile la pichani lilipofunguliwa. Wageni walishazoea; waliorudi waliulizia dumu lao limefika wapi. Leo kikapu cha Candida kilikuwa kaunta. Kikajaa, kikatoka kwenye fremu, kikatua sakafuni kikiwa kijivu, kisha mshipi ukarudia wekundu wake. Sukari haikuhitaji kubadilika.

Candida alimgawia Bakili fungu lake la sukari, akauliza, "Na jina langu je?"

"Nimemwambia mkubwa. Anasema kibao kimeshaandikwa, basi."

Iliuma. Lakini alipoinua macho akaona mawe yale yalivyosimama kiungwana kuliko wakubwa kwenye gwaride, fahari ikamjaa kifua kizima. Nani mwingine angeyaona?

Alivua kandambili ya kushoto, akaisukuma kwenye kioo. Ikaingia, ikapoteza ubuluu wake, ikashika mkia wa foleni.

"Sukari tena?" aliuliza Bakili.

"Jina."

Bakili alifuta alama za vidole kwenye kioo. Candida alijitwika kikapu, akarudi Kariakoo mguu mmoja peku, kichwa juu, akisalimia kila mtu.

Jumamosi iliyofuata kandambili ilikuwa imesogea kidogo. Kibao kilikuwa palepale, kimetoka kusuguliwa, kinang'aa: "Msanii: Kasmir."