Siku Tuliyojibu Bungeni

Mwanangu wa pili hakusema neno mpaka alipokaribia kuanza shule, ndiyo maana mtaani tulimwita Kimya. Jina likamganda hata alipopata ubunge. Wakati wa kampeni alisimama juu ya gari akapunga mkono, wengine wakamsemea, na watu wakampa kura kwa sababu hajawahi kugombana na mtu.

Dada yake, kifungua mimba wangu, ni kinyume chake kabisa. Watu wanamwita Mama Madebe. Alfajiri anakusanya maziwa ya kina mama wa kwetu, anayapakia kwenye behewa la mwisho la treni ya mkoa, na kabla jua halijawa kali yameshafika kiwandani mjini. Barabara yetu inapitika kiangazi tu. Mvua zikianza, magari yanalala kwenye matope na maziwa yanachacha humo humo. Kwa hiyo tuliposikia redioni kwamba serikali inataka kuiondolea treni ruzuku, ile fedha inayoiendesha, ili ikapanue barabara ya uwanja wa ndege, binti yangu hakutulia tena. Anaanza kuosha debe, analiacha, anashika simu.

"Hapokei," anasema. "Mama, mwanao hapokei."

"Ana vikao."

"Vikao gani vya saa ya kula?"

Mimi alinipokea. Akasema, "Mama, msiwe na wasiwasi, nipo," akakata.

"Nipo ndiyo nini?" akauliza Mama Madebe. "Hata kigogo kipo."

Basi siku ya kura tukapanda treni yenyewe, mimi, yeye na wenzetu wachache wa maziwa, ili tukamwone kwa macho. Madebe tukayaacha stesheni ya kwetu yakiwa matupu.

Mlangoni pa bunge askari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kimwalimu, alichukua simu zetu, mwavuli wangu, hata kopo la ugoro la mwenzetu mmoja. "Juu huko ni kukaa na kutazama," akasema. "Hakuna makofi, hakuna kusimama." Kusema hakukutaja. Labda aliona linajulikana.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine. Sisi tulikaa juu, wabunge chini yetu kama watu walio kisimani. Kimya alikuwa safu ya nyuma kabisa. Anafungua kifungo cha koti, anakifunga, anakifungua.

Waziri alikuwa anasema. "Mheshimiwa Spika, treni hii inakula kuliko inavyoingiza. Nimeipanda mwenyewe. Nimekaa na mbuzi!"

Wakacheka. Upande wa pili akainuka mama mmoja wa miwani. "Taarifa, Mheshimiwa Spika! Yule mbuzi alilipiwa nauli. Mheshimiwa Waziri alionyesha kitambulisho, akapita bure!"

Meza zikapigwa. "Utaratibu! Utaratibu!" Waziri akangoja, akajifuta jasho kwenye baridi ile ile, akaendelea. "Barabara ya uwanja wa ndege inaleta wageni, na wageni wanaleta fedha."

"Na maziwa ya chai yao yataletwa na nani? Rubani?" akadakia yule mama wa miwani.

Goti la Mama Madebe lilikuwa linatikisa benchi zima. "Atasema saa ngapi?" akaninong'oneza.

"Subiri."

"Mama, wewe na subiri yako!"

Kulikuwa na bwana mmoja mrefu anayepita kati ya viti, anainama kwenye sikio la huyu, anahamia kwa yule. Huyo ndiye mnadhimu, kazi yake kuwachunga wabunge wa chama chake wasiyumbe kwenye kura. Alipofika kwa Kimya akamwekea mkono begani, akauacha pale. Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Umeona? Ameitikia!"

"Hata mtu anayesinzia anaitikia kwa kichwa," nikasema, lakini sikujiamini.

Ndipo Spika akasema, "Sasa nawahoji. Wanaoafiki ruzuku iondolewe, waseme ndiyo!"

Sauti ikapanda kama gunia la mahindi limemwagwa. Nilikuwa namtazama Kimya mdomoni. Mdomo ulicheza. Unaweza kusema alisema, unaweza kusema alikohoa.

"Wasioafiki, waseme siyo!"

Sasa, sisi kwenye mkutano wetu wa maziwa hakuna mtazamaji. Mwenyekiti akiuliza, kila aliye ndani ya chumba anajibu, hata aliyekuja kukopa ndoo. Ndivyo tulivyolelewa. Tukajibu.

"SIYO!"

Na makoo yetu yamezoea kuitana treni ikinguruma. Bunge zima likageuka kututazama juu. Kimya naye akageuka, akaniona. Nikampungia mkono.

"Watoeni hao!" akapiga kelele waziri.

Yule mama wa miwani alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa Spika, sauti zimechanganyika na za wageni. Tunaomba tupige kura kwa majina!" Watu wake wote wakasimama nyuma yake. Spika akatazama karatasi, akatazama dari, akakubali. Kengele ikalia.

Askari alitushusha ngazi akiwa amekunja uso. "Bibi, si niliwaambia?"

"Ulituambia tusipige makofi, mwanangu. Hatukupiga."

Chumba cha wageni cha chini kilikuwa na kipaza sauti ukutani, na majina yalikuwa yanaitwa humo. Askari angetufikisha getini, lakini naye akapunguza mwendo. Kila jina, ndiyo. Siyo. Ndiyo. Mama Madebe alikuwa anazunguka nguzo moja, anarudi, anazunguka tena. Kisha karani akaita jina alilopewa Kimya na baba yake, ambalo nyumbani hatulitumii.

Kukawa kimya. Karani akaita mara ya pili. Nilikijua kimya kile. Utotoni alikuwa anafumbua mdomo, nyumba nzima tunaacha kutafuna, tunangoja.

"Sema, baba," nikauambia ukuta. "Sema."

"Ndiyo."

Sauti nzito, safi. Sikujua anayo sauti kama ile.

Waliosema ndiyo walishinda kwa watu wachache tu, ambao wangeenea kwenye benchi moja la behewa letu. Mama Madebe hakulia, hakutukana. Alikwenda kuchukua mwavuli wangu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kimya alitukuta nje ya geti akihema. "Mama. Dada. Ngojeni nieleze. Ningekataa, chama kingeniondoa kwenye kamati, na uchaguzi ujao kiti kinakwenda kwa mtu mwingine. Nikiwa ndani nitawatafutia lori."

"Lori la mabawa?" akauliza dada yake. "Maana la magurudumu litalala njiani na maziwa yangu."

"Dada, ile mara ya kwanza nilinyamaza. Wallahi. Sikusema ndiyo wala siyo. Ni ninyi mliofanya tuitwe kwa majina!"

Na kweli, ni sisi. Ningefunga mdomo, treni ingekufa vile vile, ila ningerudi nyumbani niwaambie majirani mwanangu hakusema ndiyo, nilimwona mdomo, alikohoa tu. Ningekufa nikiamini hivyo. Nilijikagua nione kama ninajuta. Sikuona majuto, na raha sikuiona pia.

Nikanyoosha mkono nikamfunga kile kifungo cha koti.

"Nimekusikia," nikamwambia. "Leo nimekusikia vizuri."

Akabaki amesimama, kama anayengoja niongeze. Honi ikalia upande wa stesheni. Treni ilikuwa imebakiza wiki chache za kuishi, lakini ya jioni ile haikuwa na habari hiyo. Mama Madebe ameshatangulia, mwavuli kwapani.

"Mama, njoo! Madebe yako peke yake!"

Nikamfuata. Nyuma yangu Kimya akaanza kuita, kwa sauti ile ile mpya, mbele ya watu wote wa barabarani. "Mama! Mama, subiri!"

Mimi, ambaye nimewaambia watu subiri tangu niwe na akili, nilikaza mwendo.