Kasuku wa Mama

Duke, kasuku wa mama, nilimwachia huru mimi mwenyewe. Wiki moja baada ya mazishi ya mama nilifungua tundu lake, nikamfukuza kwa ufagio mpaka akarukia mkaratusi wa jirani, walikojaa kasuku wa porini, weupe kama yeye, wenye vishungi vya njano. Nilijiambia namtendea wema. Uongo mtupu.

Mwezi ukapita. Jumatatu moja jirani yangu Beryl alikuja kuazima tofali. Mtaani kwetu kila pipa la taka lina tofali juu, la sivyo wale kasuku washenzi hufunua vifuniko na kumwaga maganda barabarani.

"Shoga, Duke wako siku hizi mwalimu," akasema. "Nimehesabu watano wanaokuita."

"Wananiita vipi?"

"Jina lako, halafu sijui nani kaanguka."

Nilicheka naye, nikampa tofali upesi aondoke.

Alhamisi kaka yangu Clive alirudi kutoka Perth kuweka jiwe kaburini. Nilikuwa nimemwambia kwamba mama alikufa usingizini. Nikamwekea chai sebuleni na kufunga madirisha yote, na joto lile.

"Dada, unatuoka?" Akafungua mlango, akatoka barazani na kikombe chake.

Kasuku walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa baraza, kama ishirini hivi. Mmoja akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mama, sauti yake hasa, na kile kikohozi chake katikati: "Merle. Nimeanguka. Njoo, mwanangu." Mwingine akadakia. Kisha mwingine.

Clive alitabasamu kwanza. Tulipokuwa watoto, yeye ndiye aliyemfundisha Duke kusema. Halafu tabasamu likamtoka.

"Duke alikuwa mzito wa kushika maneno," akasema polepole. "Neno moja nalirudia kutwa nzima, kesho tena kutwa nzima, ndipo alishike."

Ijumaa kabla hajafa niligombana na mama kwa jambo la kipuuzi, nikaapa sikanyagi kwake mpaka aniombe radhi. Nyumba yake iko mwisho wa mtaa huu huu. Nilikwenda Jumatatu, nikamkuta sakafuni amekufa, na Duke tunduni akiniita.

"Merle," akasema kaka yangu, "mama aliita siku ngapi?"

Pale kwenye ukingo mama aliendelea kuniita, kasuku mmoja baada ya mwingine, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo nisiloweza kulivumilia.