Kimya cha Karuba

Saa nane mchana, baada ya kula fufu, Noëlla alirudi mezani pake katika ofisi ya mabati kwenye kambi ya wakimbizi ya Lushebere, ambako shirika moja huhifadhi habari za chemchemi za milimani. Kila kijiji kina folda yake. Kompyuta ni ya kuandikiwa amri tu. Ukihama folda, inakujibu kwa mstari mmoja, ikitaja mahali ulipofika. Alihamia Karuba. Kompyuta ikaandika Karuba, na pamoja na mstari huo zikatoka sauti za huko za saa hiyohiyo: upepo, ng'ombe, na mzee Nzabandora akikohoa na kuwaita ng'ombe wake kwa majina.

Nje ya dirisha mke wa mzee huyo, Mama Thacienne, aliacha kuchambua maharage. Vita vilipowafukuza Karuba, mume alikataa kuacha mifugo. Basi kila siku mama huyu alikuja kumsikiliza.

"Iko anakohoa sana leo."

"Ni baridi, Mama," Noëlla alijibu.

Guy, mkuu wa ofisi, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wageni kutoka Goma.

"Dada Noëlla, makelele ya ngombe inaharibu mukutano. Ifunge."

Noëlla aliongeza mkia mfupi mwishoni mwa amri, ule unaotupa majibu ya kompyuta katika shimo lisilojaa. Akahamia Karuba. Folda ikafunguka kimya.

"Sauti yake inaenda wapi?" Mama Thacienne aliuliza.

"Haiende fasi yoyote, Mama. Inapotea tu."

Tangu hapo Mama Thacienne hakujua kama kimya kile ni mumewe amekufa au ni ule mkia tu. Alikuja vilevile na maharage yake. Inauma kumtazama mtu anayesikiliza kisichosikika.

Guy alipoenda likizo, Noëlla aliufuta mkia.

"Karibia, Mama."

Upepo ulisikika. Kisha mwanaume akawaita ng'ombe. Sauti ilikuwa ya kijana, haina kikohozi, na majina yalikuwa mengine. Ng'ombe wakaitika.

Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu, na husema kirahisi wakiwa kwao.

Mama Thacienne alisikiliza mpaka jioni, ng'ombe wa mwisho alipoingia zizini.

"Rudisha kimya, mutoto wangu."

Noëlla akaurudisha mkia. Kesho yake, saa nane, Mama Thacienne alikuwa dirishani na maharage yake, akingoja ahamie Karuba.