Kaburi Ndani ya Shamba la Meli

Mama mkwe alifika Kang'ata na mfuko wa saruji na fundi Mdoe. Alitoka Magoma kuja kulijengea kaburi la mwanawe Castory, kaburi ambalo hakuwahi kuliona. Wakati wa msiba mvua ilikata barabara, naye mwenyewe alikuwa hoi kitandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu Lea. Nipeleke kwa mume wako jua halijawa kali."

Lea akatangulia. Castory alizikwa shambani kwake, wakachomeka mti wa mbono kichwani kama watu wafanyavyo, maana msalaba wa mbao huliwa na mchwa. Baadaye wakaja watu wa kampuni ya meli. Walisema moshi wa meli zao unachafua dunia, wanataka mafuta ya mbegu za mbono yachomwe badala ya yale machafu. Lea akawakodisha shamba walipande mbono. Walipouliza kuhusu kaburi, aliwajibu, "Mti wa pale nao ni mbono, uacheni." Aliona marehemu kapata wenzake. Nao wakauacha kweli. Mvua ikashusha tuta la kaburi, miche ikakua, yote ikapogolewa kimo kimoja.

Tangu mama mkwe ampigie simu ya safari hii, kila asubuhi Lea alikuja kushikashika mashina, akitafuta lililo nene kuliko mengine, maana mti wa kaburi ulitangulia kupandwa. Hakuliona.

Habakuki, msimamizi, alikuwa akipogoa. "Karibuni shamba la meli!"

"Meli Kang'ata?" mama mkwe akamwambia. "Hata maji ya kunawa yanawashinda, baba!"

Mdoe akacheka mpaka mfuko ukamponyoka begani.

"Haya Lea, ni upi?"

Lea akaingia kati ya mistari. Alitaka kusema hajui, lakini akashika shina, akaliacha, akashika jingine. Akatembea. Alipochoka, akasimama.

"Ndio huu, mama."

Mama mkwe akapiga magoti, akalikumbatia shina. "Castory, baba, nimechelewa. Usininunie."

Lea alimtazama, akasubiri machozi yamjie na yeye. Hayakuja. Mkononi alikuwa na jani, hakumbuki alilichuma saa ngapi.

Mdoe akatoa kamba yake ya kupimia. "Shemeji, miguu ya marehemu ilielekea wapi?"

Lea akanyoosha mkono upande uliokuwa na kivuli.